Mwali Asiyetaka Kuguswa

Mlinifanyia karamu ya kuniaga, mkala wali wenu, mkacheza, mkanipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Lakini jamani, mtu anapumzishwa kazi halafu anapewa saa! Nimeitundika jikoni, inagonga peke yake huko, nami nakaa baraza ya nyuma nikiitazama ghuba ya Tungue ilivyokauka, maji yamekwenda mbali, na usingizi wa alasiri unanijia na kuondoka kama paka wa jirani. Haya nayaandika humo humo katikati ya kusinzia. Mkiona mahali nimepotea njia, rukeni mstari, mtanikuta mbele.

Mmeniomba niwaachie habari za kazi yetu, ninyi mnaobaki kwenye kile chumba cha mwisho cha hospitali. Vyeo nitaviruka, havikuwa virefu. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na kisa kimoja ambacho hadi leo nikifumba macho nakiona.

Nilifika Palma nikitoka masomoni Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, msichana wa Diaca, binti wa watu wa mihogo na korosho, begi moja na viatu vinavyobana. Nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. Mlangoni wakabandika neno la Kireno, psiquiatria. Asiyejua kusoma akamwuliza anayejua, na anayejua akasema, "Hapo pa wenye wazimu." Basi, mlango ukafa. Siku nenda siku rudi haingii hata nzi. Nikafagia mpaka sakafu ikaanza kuchubuka.

Asubuhi moja mama mmoja akaja kusimama dirishani. Hakunitazama. Uso aliuelekeza uwanjani kama anayemngoja mtu wa dawa za kikohozi, akasema kwa pembe ya mdomo, "Mwanangu, hivi mtu akiwa hasemi na watu, anasema na kuku tu, huo ni ugonjwa?" Nami nikalitazama kabati, nikamjibu kwa pembe ya mdomo. Kesho yake wakaja wengine. Tangu hapo consulta yangu, kule kuonana na wagonjwa, ikawa ya dirishani: foleni nje, chumba kitupu. Wakubwa walipokuja kukagua wakauliza mbona wagonjwa wako juani, mwalimu wangu akawajibu kwamba ndani kuna joto.

Mwalimu wangu huyo alikuwa enfermeiro Lázaro, muuguzi, Mmakonde wa huko juu Mueda, Mkristo, mzee mwembamba karibu kustaafu. Alikuwa na mambo yake. Chakula chake hakitakiwi kugusana: wali sahani moja, samaki sahani nyingine, mchuzi kwenye kikombe cha chai. Ukimchanganyia, anasukuma vyote na kushinda na njaa. Siku ya kwanza nilicheka. Akaniambia, "Cheka, binti, lakini nioshee vyombo vitatu."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga viti. Msiwaketishe watu uso kwa uso, alisema, mtu ukimkodolea macho anakuwa mgonjwa hata kama hakuja na ugonjwa. Viti viwili ubavu kwa ubavu, vitazame nje. Yeye pia ndiye aliyeleta lile beseni la mchanga mnalolitumia kuzuia mlango. Lile si la kuzuia mlango. Mtoto asiyesema anawekewa beseni, anachota, anamimina, nawe unakaa kimya unamwona anavyopenda na anavyochukia. Kukaa kimya ndiyo dawa ngumu kuliko zote hospitalini pale, na Amina, mwanangu, nasema nawe hasa, unayeongea hata ukiwa unakunywa maji.

Mchana, akishapanga sahani zake, Lázaro alikuwa anauliza maswali.

"Halima, binadamu alikuwa na mkia?"

"Mimi sikuwa nao, enfermeiro."

"Vitabu vya evolução vinasema kisichomfaa kiumbe, vizazi vikipita, kinapungua hata kinakwisha. Haya, niambie. Kuna mtu asiyeweza kutazamana na wenzake. Kuna asiyetulia. Kuna anayetaka leo iwe kama jana na jana kama juzi. Wako Palma, wako Mueda, wako kila nchi niliyosoma habari zake. Mbona hawajakwisha?"

"Mungu kawaumba."

"Sikatai. Lakini Mungu hapotezi udongo wake bure."

Jibu hakuwa nalo, na alikubali kwamba hana. Alisema wataalamu nao wanabishana. Wako wanaodhani watu wa kale, walipokuwa wachache wakizunguka kutafuta chakula, walihitaji vichwa vya aina nyingi: mmoja asikie msitu wenzake wakipiga soga, mmoja akatae njia inayofuatwa na wote. Wako wanaosema hapana, ni urithi tu, jambo jema na jambo gumu vimefungwa kwenye kifurushi kimoja na havifunguki. Akisha kusema hayo analala pale pale kitini, mdomo wazi, na mimi nabaki na swali.

Nililipenda sana swali lile. Nilikwenda nalo ufukoni, kule kwenye vilima vya makombe ya kale, yale magamba ya chaza na kome walioliwa na watu tusiowajua. Nilikuwa nakaa nikiwaona. Naapa, jua likiwa kali na upepo umelala, nilikuwa nawaona wameinama wakichokoa, wanasema lugha nisiyoisikia vizuri, na pembeni yao yupo mmoja amewapa mgongo, anatazama vidole vyake. Nikawa namwuliza moyoni, wewe nani amekuweka hapo?

Jibu la kwanza nililipata kwa wavuvi wanaopiga kambi kisiwani Rongui. Kulikuwa na mvuvi aitwaye Saíde, mtu asiyejua kukaa. Nyumbani anazunguka, akila anasimama, mkewe akachoka roho. Tukampa vidonge, akatulia. Haukupita mwezi wenzake wakaja dirishani kwangu na nguo zingali na chumvi, wamenuna.

"Dona, mmetuharibia mlinzi wetu."

"Ana nini? Analala sana?"

"Analala kama sisi!"

Kumbe kambini kisiwani yeye ndiye aliyekuwa anazunguka wakati wengine wamelala, anaona kamba iliyolegea, anaona moto uliosahauliwa. Tulimpunguzia dawa, tukazungumza na mkewe, wakakubaliana awe anakaa kisiwani zaidi. Mke akasema hata yeye sasa amenenepa. Basi nikawa nasimulia kisa cha Saíde kila mahali. Mnaona, nasema, hawa wamebaki duniani kwa sababu wana faida.

Nilimsimulia hata Bi Sakina, naye ndiye aliyeniziba mdomo.

Bi Sakina alikuwa mjane wa watu waliotoka ng'ambo ya Rovuma, anauza kapulana, hivi vitenge vyetu vya kujifunga, na sabuni za Mtwara. Mtoto alikuwa naye mmoja, Zaituni, mwanamke mzima wa umri wa kuzaa na kulea. Zaituni alikuwa anarudisha neno la mwisho la kila unachomwambia. Macho yake yalikuwa chini. Kazi yake ilikuwa kuchagua mchele, kutwa kucha, majirani wanaacha ungo mlangoni na kuondoka bila hodi, wakirudi wanakuta mchele mweupe. Ila usimguse. Ukimgusa hata kwa bahati mbaya, anapiga ukelele na kujiuma kifundo cha mkono.

"Wangu halindi kisiwa," Bi Sakina aliniambia, akitazama uwanjani. "Mchele hata wewe unaweza kuuchagua. Na asiye na faida, Dona Halima, yeye vitabu vyenu vinasemaje?"

Halafu akasema lililomleta.

"Hajachezwa unyago. Walipochezwa wenzake, ngoma ilimpandisha wazimu, wakamrudisha. Mpaka leo anaitwa mtoto. Nikifa mimi, mwanangu atafukuzwa mlangoni pamoja na vitoto. Nani ataniosha?"

"Waoshaji wapo, bibi. Hawakosekani."

"Waoshaji wapo. Mimi nataka wangu." Akajifuta uso kwa pindo la kapulana. "Tangu ajue kutembea hajanishika. Mara moja tu anishike, Halima. Hata nikiwa sijui."

Kwetu ninyi mnajua. Ambaye hakupitia unyago hata awe na mvi ni mtoto, na mtoto hakaribii maiti. Hilo halina mjadala na wala halikuandikwa popote. Nilikwenda kwa Bi Atija, kungwi mkuu, mwanamke mnene wa sauti nzito anayeogopwa na waume wa watu. Akanisikiliza, akasema, "Ngoma ni ngoma, binti. Unataka nimcheze mtu kwa kumnong'oneza?" Nikarudi kwangu.

Baadaye ukaja ule wakati wa kukimbia bunduki. Sitauandika, kila mmoja wenu ana wake. Nitasema tu kwamba tuliporudi, na nyumba zikaanza kuezekwa tena, hakuna aliyekuwa yule yule. Sufuria ikianguka, soko zima linainama. Watu wazima wanaziba masikio. Niliwahi kumkuta Bi Atija mwenyewe, mwanamke kama mlima, amejificha nyuma ya gunia la mkaa kwa sababu tairi limepasuka barabarani. Tukatazamana. Nikasema, "Bibi, ndivyo anavyosikia Zaituni kila siku." Alijipangusa vumbi.

Unyago wa kwanza baada ya kurudi, Bi Atija alituma mtu kuniita. Ngoma zilikuwa zimepangwa uani, na juu ya kila ngozi ametandika kapulana iliyokunjwa. Alipiga moja kwa kiganja. Ikatoka sauti ya chini, laini, unaisikia tumboni kuliko masikioni.

"Wanawake wenyewe hawaiwezi ile ya zamani," alisema. "Wanalia. Basi tutacheza hivi mpaka mioyo irudi. Mwambie Sakina amlete wake."

Ya ndani siyasemi. Wanawake mnayajua, wanaume mtasubiri mpaka kiama. Nitasema yale tu ambayo hata ukuta ungesema. Mwali anatakiwa ainamishe macho, na Zaituni hakuwahi kuyainua. Mwali anatakiwa arudishe maneno ya kungwi kama yalivyo, na Zaituni hakuwa na namna nyingine ya kusema. Mwali asicheke ovyo, asiulize, akae alipowekwa. Wasichana wadogo waliokuwa naye walikuwa wanasinzia, wanabinyana, wanachapwa. Yeye alikaa. Makungwi wakaamua tangu mwanzo kwamba asiguswe, mafuta akajipaka mwenyewe. Na wimbo ukiimbwa leo kama ulivyoimbwa jana, unamwona uso umelainika, yuko mahali pake.

Bi Atija akatoka uani ameshika kiuno. "Huyu ndiye mnayemwita mgonjwa? Miaka yote nawacheza wanawali, sijapata mwenye adabu kama huyu!"

Hapo ndipo wanawake wetu walipokosea, kosa la wanawake wa kwetu tu. Wakasema Zaituni amepona. Unyago umemtibu! Siku ya kutoka wakamvisha kapulana mpya, wakapiga vigelegele kwa kuziba nusu ya mdomo, na shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mwenye haraka, akaanza kutaja wachumba. Kesho yake akamchukua sokoni akasalimie watu, amshikishe kila mtu mkono kama mwali aliyepona. Mnaweza kukisia. Mkono wa kwanza tu, ukelele ukafika mpaka kwa wauza samaki. Zaituni alijiuma mpaka damu.

Jioni maneno yakageuka. Unyago haukumwingia. Bado mtoto. Na wakati huo Bi Sakina alikuwa amevimba miguu, moyo umechoka, daktari ameshaniambia pembeni. Alilala kitandani akiyasikia maneno yote kupitia makuti ya ukuta. Aliniuliza jambo moja: "Wamemrudisha utotoni?" Nikasema bado. Nilikuwa na hasira, wanangu, hasira ya kutaka kutupa vitu.

Tulikutana uani kwa Bi Atija, shangazi, mimi na wanawake wengine wa mtaa. Shangazi akasema mtu anayepiga kelele sokoni atapiga kelele mbele ya maiti, na aibu itakuwa ya ukoo. Bi Atija alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Nani kakwambia tulimtibu?"

"Si mlisema amepona!"

"Mmesema ninyi. Unyago si vidonge vya malaria. Tulimfunza, akafunzika. Angekuwa amepona asingekuwa Zaituni, na mimi sikumcheza mtu mwingine, nilimcheza Zaituni. Amechezwa. Mwenye neno aniletee mimi."

Hakuna aliyemletea.

Jioni ile nilikwenda kukaa kwenye vilima vya makombe, na nikaota nikiwa macho. Nawaambia kama ndoto, msije mkaiweka kwenye semina. Niliwaona wale wa kale, na mmoja wao amekufa. Wenzake wamesimama hawajui la kufanya, wanataka kuondoka, kuna chakula cha kutafuta. Na yule aliyewapa mgongo, wa kutazama vidole, hawezi kuondoka. Kitu hakiko sawa. Anarudi, anaunyoosha mkono wa maiti. Anaunyoosha wa pili ufanane na wa kwanza. Anachota maji, anamimina upande mmoja, lazima amimine na mwingine. Na akifa mwingine, anafanya vile vile, kwa mpango ule ule, kwa sababu hawezi kufanya vingine. Watoto wanamtazama. Wanashika. Nikajiuliza, je, kama mila yenyewe, hii ya kulia kwanza na kushoto baadaye, ya maneno yasiyobadilika, ilianza kwa mtu kama Zaituni, sisi wengine tukaiga? Sijui. Lázaro angekuwa hai angeniuliza ushahidi uko wapi, nami ningemwambia ale wali wake. Tena Bi Sakina alikuwa ameshaniziba mdomo kuhusu faida. Labda wamebaki kwa sababu tu kila zama alikuwapo mama aliyesema, mimi nataka wangu.

Bi Sakina alikufa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nilikuwapo. Tukamlaza juu ya kitanda cha kamba, tukamfunika, majani ya mkunazi yakachemshwa, kafuri ikasagwa. Bi Atija ndiye aliyeongoza. Shangazi alikaa karibu na mlango, na vitoto vilishafukuzwa nje. Zaituni akasimama kizingitini, macho chini.

"Mwali, ingia," Bi Atija alisema.

"Ingia," akasema Zaituni, akaingia.

Bi Atija alikuwa amefikiria mbele. Alimpa kata ya maji tu, amimine bila kushika, sisi tuoshe. "Kulia kwanza."

"Kulia kwanza."

Maji yakashuka polepole, hayakuruka. Hakupiga kelele. Bega, mkono, ubavu, mguu, kisha kushoto, na sauti zao mbili zikifuatana mpaka nikahisi kama nimelala. Halafu katikati ya kumimina akasimama. Akaiweka kata chini. Shangazi akainua kichwa.

Zaituni akainama, akaweka kiganja chake kwenye shavu la mama yake. Kiganja kizima. Akakiacha pale.

Nilimtazama Bi Sakina. Hakumshika naye. Hakushtuka kwa furaha, hakuita majirani waone, hakumkumbatia. Alitulia tu, na labda ndivyo Zaituni alivyokuwa anataka tangu utotoni, mtu atulie. Nililia bila sauti, na Bi Atija, kungwi wa kuogopwa, machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mikono yenye povu. Hakuna aliyesema inatosha. Mvuke ukakwisha juu ya ndoo.

"Maji yamepoa," mtu mmoja akanong'ona.

Shangazi akainuka mwenyewe, akaichukua ndoo, akatoka kwenda kuchochea moto achemshe mengine.